Jezi ya Nyumba ya Saba

Historia ya timu yetu wanapenda kuisimulia wanaume, na wakisimulia huanza na magoli. Wasikusumbue. Magoli yalikuja baadaye sana. Timu yetu ilianza na pazia la mlangoni kwa mama yangu, na mimi ndiye niliyerithi mkasi uliolikata, kwa hiyo wanyamaze kidogo niseme mimi.

Mama alikuwa fundi cherehani kama mimi. Siku hizo kijiji kilikuwa na vijana wa kumwaga, mpira mmoja uliotiwa viraka na fundi viatu, na uwanja wenye mteremko upande wa kisima ambao mpaka leo haujasawazishwa. Kilichokosekana ni jezi. Timu ya ng'ambo ya mto, hawa tunaowaita Mabosi kwa jinsi wanavyojisikia, walikuwa nazo, nyekundu zote, za dukani. Wakakubali kucheza na sisi kwa sharti moja, kwamba tusiwaendee vifua wazi. Vijana wakamkimbilia mama. Mama akawaambia, "Kitambaa sina. Nina cherehani na nina mikono. Kila nyumba ilete chake, nitashona."

Zikaleta nyumba kumi na moja. Mmoja shuka, mwingine gunia la unga lililofuliwa, mwingine suruali mbili za marehemu babu yake. Muuza nyama alileta aproni, na ilikuwa na madoa ambayo sabuni ya dunia hii haiyatoi. Mama akatoa namba kwa jinsi nyumba zilivyowahi: wa kwanza moja, wa pili mbili, na nyumba yetu ikawa ya kumi na moja kwa sababu mama alijishonea mwishoni. Ndiyo maana kwetu kipa huvaa kumi na moja na mshambuliaji huvaa tatu. Refa mgeni akituona hujikuna kichwa. Ajikune tu, sisi tunajuana.

Vijana walipoingia uwanjani, Mabosi walicheka hadi wakakaa chini. "Hii ni timu au kamba ya kuanikia nguo?" Naye refa akagoma kupiga filimbi. Atawatambuaje watu wa timu moja, na kila mmoja ana rangi yake? Mama alikwenda nyumbani, akalishusha pazia la mlangoni, la kijani, akalikata vipande kumi na moja, akarudi na sindano akawashonea vifuani pale pale, jezi wameshazivaa, wamesimama mstari. Wengine walichomwa. Mechi ikachezwa, tukafungwa tisa bila, na Mabosi wakatubandika jina la Viraka. Walidhani wanatutukana! Wiki haikuisha, jina likawa limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, na Viraka ndio sisi tangu hapo.

Sasa nikueleze taratibu zetu, maana bila hizo hutanielewa. Jezi huchakaa. Ikichakaa, nyumba yake huleta kitambaa kingine nami nashona upya. Lakini kile kipande cha kijani hakitupwi. Nakifumua taratibu na kukihamishia kwenye jezi mpya, kama mama alivyonifundisha. Kimepauka, si kijani tena wala si kijivu, na hakuna duka lenye rangi ile. Mwaka mmoja kulikuwa na mwenyekiti mjuaji, akaleta jezi ya kumi na mbili yenye kijani cha dukani. Aliyevaa alizomewa na mashabiki wetu wenyewe hadi akaivua mwenyewe na kwenda nyumbani. Bila kipande cha pazia la mama huwi Kiraka, na pazia lilikwisha siku ile ile.

Na jezi ni mali ya nyumba. Akichoka kaka, anakwenda kwenye mstari, anaivua, anamvisha mdogo wake au binamu yake, mchezo unaendelea. Marefa wa ligi yetu wameshazoea. Kocha hana la kusema hapo, mwenyekiti hana la kusema. Baba mwenye nyumba ndiye anayejua nani avae. Wageni hutuona wendawazimu, lakini hebu niambie, kuna timu ngapi ambazo kila mchezaji anajua kitambaa cha mgongoni kwake kilitoka kitanda cha nani?

Nyumba ya saba ni ya shemeji yangu, fundi seremala, mume wa marehemu dada yangu. Kijijini tunamwita Randa, kwa sababu hata akikusalimia anakukwangua. Mtoto wao mmoja tu, wa kiume, na ndiye aliyekuwa winga wetu wa kulia. Jamani, mwanangu yule alikuwa anakimbia! Nasema mwanangu kwa sababu mtoto wa dada ni mwanangu, aniite mama mdogo au aache. Jezi yake ilipochakaa, dada alinikabidhi gauni lake la bluu, lile alilolipenda kuliko yote. Nikamwambia, "Dada, hili bado zima." Akasema, "Nataka kumwona nalo akikimbia." Wakati huo alikuwa ameshaanza kuugua. Alimwona msimu mmoja, kisha tukamzika.

Baada ya hapo kijana akaenda mbali kutafuta kazi, akaipata kwenye ghala, kupakia na kupakua. Siku moja mzigo ukamwangukia gotini. Alitibiwa, anatembea, ila anachechemea, na mpira basi tena. Likizo ya kwanza aliyokuja, baba yake alimpokea kituo cha basi akiwa ameshika jezi ya bluu mkononi. "Goti litapona tu, jaribu." Mapokezi gani hayo? Mtoto hajashusha hata begi! Likizo ya pili hivyo hivyo, jezi mkononi, jaribu, jaribu. Likizo ya tatu hakuja. Tangu hapo kila tukicheza hunipigia simu mimi kuuliza matokeo. Baba yake hampigii, kwa sababu akimpigia huulizwa jambo moja tu: unarudi lini uvae?

Jezi ikawa inaning'inia karakanani kwa Randa. Na sisi tukacheza na watu kumi. Ndiyo, umesikia vizuri. Msimu mzima, kisha mwingine, kisha mwingine, na upande wa kulia hakuna mtu. Upande ule tukauita Shamba la Randa. Beki wetu wa huko, kijana wa mwoka mikate, alikuwa anapanda na kushuka peke yake mpaka akaitwa Wawili. Tulishinda baadhi ya mechi hivyo hivyo, na sikufichi, tulianza kuvimba vichwa kwamba sisi hata pungufu tunawaweza. Hakuna aliyethubutu kwenda kwa Randa kumwambia, mzee, toa hiyo jezi avae mwingine. Ungemwambiaje?

Ndipo mwaka huu, kabla ligi haijaanza, akaja mjumbe wa chama cha ligi na pikipiki yake. Alisimama mbele ya mashine ya kusaga, hata kofia hakuvua, akatangaza: timu itakayoanza mechi na watu pungufu ya kumi na mmoja, inafutwa. Hakusema inafungwa. Alisema inafutwa. Mechi yetu ya kwanza ilikuwa Jumapili, nyumbani, na Mabosi. Sijui nani alikaa akapanga ratiba ile, lakini najua ng'ambo ya mto walishangilia.

Jioni ile tulikutana mashineni. Mwenyekiti ndiye mwenye mashine, kocha ni muuza nyama, mjukuu wa yule wa aproni. Mimi nilikaa juu ya gunia kwa sababu viti hugawana wao.

"Mtu tunaye," kocha akasema. "Cheche."

Cheche ni fundi wa kuchomelea mageti. Alikuja kijijini mwaka jana, akapanga chumba nyuma ya mashine. Alikuwa anafanya mazoezi na vijana wetu, kifua wazi, maana mazoezini sheria ya jezi haipo. Miguu yake nimeiona mimi kwa macho yangu. Mpira ukimfika, mabeki wanabaki wakitafutana.

"Jezi?" mwenyekiti akauliza.

"Si ipo ile ya saba."

"Na nani atakayemwambia Randa?"

Lo! Ungewaona. Wanaume wazima, wenye ndevu, kila mmoja akaanza kukagua viatu vyake kana kwamba amevinunua leo. Mwenyekiti akakohoa. Kocha akakumbuka amefunga ng'ombe wa watu vibaya.

"Nitakwenda mimi," nikasema. "Nyie kaeni hapa mlinde magunia."

Asubuhi nikamkuta Randa karakanani anapiga randa ubao wa mlango, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi. Jezi ilikuwa pale pale ukutani, kwenye msumari wake, kati ya msumeno na rula, imevikwa mfuko wa nailoni isiingie vumbi. Nilipoiona ile bluu ya dada moyo ulinipasuka, lakini nikajikaza.

"Shemeji," akasema bila kuinua kichwa, "umeleta maneno au umefuata kabati lako?"

"Kabati gani? Lile uliloniahidi meno yangu yakiwa yote mdomoni?"

"Basi umeleta maneno."

"Nimekuja kuhusu saba."

Akaendelea kukwangua. "Ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini. Goti likipona atarudi, na akirudi ataikuta."

"Shemeji, nisikilize. Jumapili tukianza na kumi, timu inafutwa. Pazia la mama yangu litabaki la kupangusia meza."

"Miaka yote mmecheza na kumi. Nani alikufa?"

"Sheria imebadilika!"

"Najua mnamtaka yule mchomeleaji. Basi mshonee jezi yake."

"Kijani nitoe wapi? Nichune ngozi yangu?"

Hapo akaweka randa chini. "Yule ana nyumba gani hapa? Kapanga chumba. Jezi yangu haivaliwi na mpangaji."

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua, hata sindano zangu zinajua. Zikapanda. Nikamwambia, "Goti halitapona! Unajua halitapona, na yeye anajua, na daktari alishamwambia. Mtoto kaja nyumbani mara mbili, na mara zote mbili hukumwuliza kama amekula. Ulimwonyesha jezi. Unadhani ile nguo inamsubiri? Ile nguo ndiyo inayomfukuza! Anaogopa kuja kwa baba yake mwenyewe kwa sababu ya namba saba!"

Randa akaigeukia jezi ukutani.

"Kasema yeye hayo?" akauliza, pole pole.

"Kasema. Kaniambia mimi, kwa sababu kwako hamna pa kuyasemea."

"Toka."

"Shemeji..."

"Nimesema toka, kabla sijasahau wewe ni mdogo wake nani."

Nikatoka. Nilijikaza mpaka nilipopita kibanda cha fundi viatu, na hapo nikalia kweli kweli, kwa sauti, watu wakitazama. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemuumiza mtu ninayempenda na jezi bado sikupata. Nililia pia kwa sababu kila neno nililosema lilikuwa kweli, na hata lingekuwa mara mbili ya ukali wake ningelisema tena. Ndivyo nilivyo.

Jumapili ikafika. Uwanja ulijaa. Mabosi walikuja na ngoma na wekundu wao, na nahodha wao akapita mbele yangu akaniamkia kwa adabu za kinafiki, "Shikamoo, mama wa pazia." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Soksi yako imetoboka." Ilikuwa haijatoboka, lakini alikagua.

Vijana wetu wakajipanga. Kumi. Cheche alikaa kwenye mstari, viatu ameshafunga, kifua wazi, hatazami mtu. Mjumbe wa ligi alikuwa amesimama kando ya refa na kofia yake ile ile. Refa akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Wa kumi na moja wenu yuko wapi?"

Kocha akasema yuko njiani. Mwenyekiti akaomba kutoa hotuba fupi ya kufungua msimu, akaanza na shukrani kwa kila mtu aliyewahi kuzaliwa. Mwanangu wa kumzaa, kipa, akainama kufunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Mimi nilikuwa nimeshika mkebe wangu wa sindano, na nakwambia wazi kwamba niliogopa. Niliona timu ya mama yangu inakufa mbele yangu kwa kukosa nguo ambayo niliishona kwa mikono yangu.

"Inatosha," mjumbe akasema. "Refa, andika..."

Kicheko kikaanza upande wa kisima. Kwanza watoto, kisha Mabosi, kisha hata wetu. Nikageuka. Randa alikuwa anashuka ule mteremko. Suruali ya kazi ameikunja magotini, viatu vya mpira vya kijana wake miguuni, na mwilini amevaa saba.

Tumbo la Randa na jezi ya winga, wapi na wapi! Lakini alikuwa ameifumua ubavuni, pande zote mbili, akatia vipande vya turubai vya kufunikia mbao, akashona kwa uzi wa magunia. Mishono mirefu, ya mtu aliyezoea misumari. Nilipoiona kazi ile sikujua nicheke au nipige mayowe. Usiku uliopita alikuwa amekaa na sindano, mtu ambaye hata kifungo chake humletea mimi.

Akaenda moja kwa moja kwa refa. "Namba saba," akasema. "Nyumba yangu ina mchezaji."

Mjumbe akacheka. "Mzee, umri wako..."

"Sheria yenu imetaja umri?"

Mjumbe akaishusha kofia yake machoni.

"Basi pulizeni hiyo filimbi, mimi nina milango ya watu haijaisha."

Filimbi ikapigwa. Tulikuwa kumi na mmoja. Uwanja mzima ulipiga kelele, na mimi nilipiga kelele kuliko uwanja mzima.

Randa alikwenda kusimama katika shamba lake. Beki wa Mabosi wa upande ule alimwangalia mara moja, akamwacha, akapanda mbele kutafuta magoli. Mpira ukamfikia mzee. Akaukanyaga, akausimamisha kabisa, kama ubao aliouweka juu ya meza ya kazi. "Mzee, piga!" Wawili akapiga kelele nyuma yake. Randa akautazama mpira kwa raha zake, akamsukumia Wawili pasi ya chini iliyonyooka, na ng'ambo hadi ng'ambo watu wakashangilia kana kwamba amefunga. Mara ya pili alikimbia. Akakimbia tena kidogo. Mara ya tatu akasimama, mikono magotini, anahema mpaka huku nilikokaa nasikia. Kisha akainua mkono.

"Anakufa!" mtu mmoja akasema.

"Sifi," Randa akajibu. "Nabadilisha."

Kila mtu alijua nyumba ya saba haina mtu wa kubadilishana naye. Randa akatembea hadi kwenye mstari, akaivua jezi mbele za watu, tumbo nje, hana habari, akaenda kusimama mbele ya Cheche.

"Simama."

Cheche akasimama.

"Unajua kushika msasa?"

"Msasa, mzee? Wa chuma..."

"Wa mbao."

"Hapana, mzee."

"Utajifunza. Jumatatu uje karakanani, kuna milango. Nyumba yangu haina mtu asiyejua msasa." Akamvisha yeye mwenyewe, mkono mmoja, mkono wa pili, akainyoosha mabegani kama nilivyokuwa namwona akimvisha mwanawe. Kisha akamgeukia refa, na sauti yake ikawa na mikwaruzo ambayo si ile ya siku zote. "Nyumba ya saba imebadilisha."

Refa akamtazama mjumbe. Mjumbe akatazama pembeni. Refa akaitikia kwa kichwa.

Lakini ile jezi sasa ilikuwa gunia! Turubai inapepea ubavuni, angekanyagwa nayo. Nikakimbia na mkebe wangu, nikapiga magoti kwenye mstari, nikaanza kubana pande zote mbili, yeye akiwa ndani, kama mama alivyofanya. Macho yalinijaa maji na sindano nikawa siioni vizuri. Cheche akaruka.

"Umechomwa?" nikamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Sasa wewe ni Kiraka. Nenda."

Randa alikuwa amesimama kando yangu. Nikamtupia mtandio wangu ajifunike, maana kuna mambo watoto hawapaswi kuyaona. Akajifunika, hakusema asante.

"Mishono yangu umeifumua?" akauliza.

"Sijaigusa. Nimeshonea juu."

"Mizuri?"

"Mibaya kuliko yote niliyowahi kuona."

Akatikisa kichwa, ameridhika.

Kuhusu mechi sitakuchosha. Mabosi walikuwa wamezoea, tangu misimu hiyo, kwamba upande wetu wa kulia hamna mtu. Beki wao alipanda kama kawaida yake, na aliporudi, Cheche alikuwa ameshapita. Mpira wa kwanza aliugongesha nguzo. Wa pili aliuweka ndani. Wakatubana mpaka mwisho, na mwanangu golini alidaka mipira ambayo hata mimi mama yake sikujua anaiweza. Moja bila. Nahodha wao alipita tena mbele yangu, na safari hii hakuniamkia.

Watu bado wanashangilia uwanjani, simu yangu ikaita. Nilijua ni nani.

"Mama mdogo, vipi? Tumefutwa?"

Kabla sijajibu, Randa akanyoosha mkono. Hajawahi kufanya hivyo hata siku moja. Nikampa. Simu yangu husikika hadi kwa jirani, kwa hiyo usiniulize nilijuaje yaliyosemwa.

"Ni mimi," Randa akasema.

Upande wa pili kijana akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tumeshinda."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja. Pamoja na mimi."

"Wewe, baba?"

"Kidogo tu. Nilichoka."

Kijana akacheka, cheko fupi la mtu ambaye hakupanga kucheka. Kisha akauliza lile ambalo najua lilimchoma kuliuliza. "Na sasa hivi nani kaivaa?"

Randa akamtazama Cheche, aliyekuwa amebebwa juu juu na vijana, turubai ya karakana na gauni la dada yangu vimelowa jasho.

"Mdogo wako," akasema.

"Mdogo wangu yupi?"

"Utamwona ukija." Akavuta mtandio wangu, akajipangusa uso nao, na mimi nikajitia naangalia mkebe. "Mwanangu, uje. Uje tu utusalimie, ukae, ule, ulale. Jezi ina mtu. Mimi ndiye sina."

Kijana akasema ataomba ruhusa kazini.

Ijumaa alishuka kwenye basi akichechemea, na begi lake begani. Baba yake alikuwa kituoni tangu asubuhi, amesimama mikono mitupu.